Baba Mdogo Asiyepeana Mkono

Baba mdogo alikuwa haji kwangu bila mzigo, na nilichelewa kujua kwamba haukuwa ukarimu peke yake. Kila Jumapili alipanda ngazi za nyumba yetu pale Saint-Gilles akitokea soko la Gare du Midi, mfuko mkono huu na mfuko mkono ule, lengalenga, mchicha wa kwetu, zikichungulia juu. Hapa Brussels watu husalimiana kwa busu la shavuni, na sisi Wakongo tumezidisha. Lakini nani atambusu mtu aliyelemewa na viazi? Alisalimu kwa kichwa, akapita moja kwa moja jikoni.

Mimi ni mdadisi tangu utotoni. Mama alikuwa akiniita polisi. Mwaka niliopanga kuolewa, udadisi ukageuka shida. Baba yangu alifia vitani kule Kivu nikiwa mdogo, kwa hiyo wa kunishika mkono na kuniingiza kanisani alikuwa mdogo wake huyu, aliyepigana naye katika kundi moja. Nilimtaka yeye, simtaki mwingine. Nilipomwambia, aliendelea kuchambua mboga.

"Nitakuya," akasema. "Nitatembea pembeni yako. Lakini mukono, hapana."

"Juu ya nini, papa?"

"Juu ya sheria ya vita."

"Vita gani tena? Tuko Brussels!"

Alicheka, nami nikavuta kiti. Nilikuwa nimeudhika, sifichi, lakini hamu ya kujua ilinizidi. Hakuwahi kunisimulia vita hata siku moja, na mimi nilidhani vita ni risasi tu toka asubuhi hadi jioni.

Alianza na asubuhi. Kabla ya kwenda popote walijipanga mstari, na mtu wa dawa, ambaye wao walimwita docteur, akawanyunyizia maji kwa tawi la majani. Maji hayo ndiyo yangezuia risasi, mradi mtu ashike sheria. Usioge kwa sabuni. Usile sombe, yale majani ya muhogo. Usimruke mwenzako aliyelala. Usimguse mtu asiyenyunyiziwa, hata awe mkeo, hata awe mtoto wako.

"Sasa mulikuwa munafanya nini siku nzima?"

"Kutembea. Tunapanda mulima, tunafika, adui haiko, tunashuka. Vita yenyewe ilikuwa kidogo. Njaa ndiyo ilikuwa mingi."

Kuiba nako kulikatazwa, akasema, lakini mabuti ya mpira yalipotea kila kukicha, ndiyo maana alilala ameyakumbatia. Waligombania chumvi kuliko bunduki. Mwenye redio alibembelezwa na wote, si kwa sababu ya habari za vita, ni kwa sababu ya mpira. Walikuwa tayari kununiana siku nzima kwa timu zilizocheza Ulaya, huko ambako hakuna aliyewafahamu. Nilitaka kujua kila kitu: nani alipika, nguo zilifuliwaje, mtu akiumwa jino inakuwaje. Alinijibu huku akimenya vitunguu, na niliona anafurahia.

"Na sabuni?" nikamuuliza, maana ananukia vizuri kuliko mchumba wangu.

"Sabuni nilivunja mu camp ya wakimbizi. Chawa zilinishinda."

"Na sombe?"

"Bon, sombe... Maman moja wa kanisa, kule Molenbeek, alinipatia sahani. Donc, ningefanya aje?"

Nilicheka mpaka machozi. Sheria mbili zimevunjwa, na mtu mzima kabisa yuko mbele yangu.

"Basi vunja na hii ya mukono, papa."

Akaweka kisu chini.

"Siku moja tulipita mu kijiji yetu," akasema. "Familia zilisimama ngambo ya barabara, tunasalimiana na macho tu. We ulikuwa mutoto mudogo. Ukakimbia kumufuata baba yako, ukaanguka, unalia. Yaya akakubeba."

Yaya kwetu ni kaka mkubwa. Alikuwa akimsema baba yangu.

"Alikubeba mupaka ukanyamaza. Docteur anapiga makelele, yeye anakupangusa mavumbi. Kesho yake, ku daraja, risasi ya kwanza ikamupata."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Hapana! Ni yeye. Alijua sheria, akavunja, akatuacha. Nimemukasirikia mupaka leo. Sasa nikushike mukono, nibaki muzima, itakuwa namna gani? Alors, ni kusema sheria ilikuwa bure, risasi ingemupata tu. Na miye nimemukasirikia yaya yangu bure."

Nikauliza yote kwa mpigo: nilivaa nini, alinibeba vipi, aliniambia nini. Alikumbuka gauni la njano na kamasi nyingi. Alikumbuka baba akisema, "Pole, mama, pole." Nilifurahi, furaha yenye kuuma. Maisha yangu yote nilijua kwamba baba alikufa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alinibeba.

Sikumwomba tena habari ya mkono. Siku ya harusi alikuja na suti ya kijivu iliyombana mabegani, akasimama kushotoni kwangu mlangoni mwa kanisa, mikono nyuma. Kwaya ikaanza. Watu wakageuka kututazama.

"Twende, papa," nikanong'ona. "Tembea tu pembeni."

Hakusogea. Nilidhani miguu imemgomea. Kisha akanishika, si kiwikoni kama nilivyoona wengine wakifanya, bali kiganja kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayemvusha mtoto barabara. Tulitembea polepole hadi katikati ya kanisa, na hapo akasema, macho yake mbele:

"Yaya hakufanya kosa."