Fundi Baridi na Laptopu ya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Baridi, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Miaka ishirini na sita alikuwa anatengeneza friji za watu. Mkono wake wa kulia ulijaa alama za moto wa kuchomelea mabomba, na alikuwa na tabia moja ya kuaibisha: akiingia nyumba ya watu, kabla hajakaa, anakwenda kubandika sikio kwenye friji ya wenyeji kama daktari. Aliwahi kufanya hivyo msibani. Wafiwa wakamtazama, naye akawaambia kwa huzuni ya kweli, "Poleni sana. Na hii nayo haina siku nyingi."

Mtu mmoja tu ndiye aliyemnyima raha: mama mkwe. Huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, na tangu siku ya posa hakuwahi kumkabidhi Baridi kitu chake hata kijiko. Taa ikiungua, anaita mtu mwingine. Bomba likivuja, anaita mtu mwingine.

"Mama, na mimi nipo jamani!"

"Nakuhurumia, mwanangu, una kazi nyingi," humjibu, kwa ile sauti ambayo walimu humwambia nayo mtoto asiyejua kusoma kwamba ana mwandiko mzuri.

Basi wiki moja mama mkwe alikuja kukaa kwa binti yake, na laptopu yake ya zamani ndani ya mfuko wa kitambaa. Alikuwa amejirekodi akisimulia maisha yake ya ualimu, saa tatu nzima, na alitaka video hiyo ionyeshwe Jumamosi kwenye mkutano wa walimu wastaafu. Kukata vipande alikata mwenyewe, akabakiza saa moja. Tatizo lilikuwa ile kazi ya mwisho, kompyuta kuviunga vipande vyote viwe kitu kimoja. Hapo laptopu inaunguruma kama mashine ya kusaga, inapata moto, kisha inazimika. Ilikuwa imezimika mara tano.

"Kesho nampelekea yule fundi wa kompyuta karibu na benki," alisema mezani. "Ana cheti."

"Kwani ugonjwa wake nini, Mama?" Baridi akauliza.

"Joto."

Baridi akaweka kijiko chini. "Joto? Joto liingie nyumba yangu mimi, halafu aitwe mtu mwingine?" Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Wapi! Mtu keshaupanda mdomo wake kama punda, hateremki. "Nipe mimi, Mama. Ijumaa jioni inafanya kazi. Isipofanya, usiniamini tena na kitu chako maisha yako yote."

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta taratibu, kisha akamsogezea mfuko. "Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyeyasema."

Kesho yake Baridi aliipeleka laptopu kwa mwanamke mmoja muuza vipuri vya kompyuta zilizotumika. Yule mama aliifungua, akaipuliza, akaguna.

"Prosesa yake hii ni ya chini kabisa katika ukoo wao. Hapa nina maiti ya laptopu kama hiyo hiyo, kioo kilipasuka, lakini prosesa yake ina nguvu. Za zamani hizi hazijachomelewa, unatoa moja unaweka nyingine. Ila nisikilize: yenye nguvu inachemka zaidi. Chukua na feni yake na bomba lake la kupozea."

"Prosesa ndiyo nini hasa?"

"Ndiyo ubongo."

"Yaani nakwenda kumbadilishia mama mkwe ubongo?"

"Wa kompyuta yake, kaka."

"Basi tena," alisema Baridi, akalipa.

Alhamisi aliitandaza laptopu juu ya meza ya kulia. Skrubu alizipanga kwenye karatasi kwa mpangilio zilivyofunguliwa, maana kazi anaijua. Chini ya feni ya zamani alikuta vumbi limegandamana kama godoro la panya. Alipolishika lile bomba jipya, bapa, la shaba, machozi kidogo yamtoke.

"Mama Watoto, njoo uone! Shaba! Ndani mna maji kiduchu, yanachemka upande huu, yanabeba joto, yanapoa upande ule, yanarudi. Friji hii! Wamejificha humu siku zote na sisi hatujui!"

"Kama ni friji nikuletee nyanya uhifadhi," mkewe akajibu kutoka jikoni.

Kusema haki, kazi aliifanya. Alikwangua dawa ya kupozea ya zamani iliyokauka kama lipu, akalegeza kufuli linaloishikilia, akainua prosesa ya zamani kwa kucha, akaipachika mpya, pembe yenye alama ikatazamana na alama. Akadondosha dawa mpya kiasi cha punje ya dengu, ingawa mkono ulimwasha aongeze. Akakaza skrubu kwa mkingamo. Angekunja vifaa vyake hapo, tungempigia makofi.

Lakini fundi friji ni fundi friji. Kwake yeye dhambi ya kwanza duniani ni baridi kutoroka. Sasa jicho likamwangukia kwenye matundu, ubavuni na chini. Matundu! Akashangaa mafundi wa ng'ambo walivyo wazembe. Akatoa mkobani mpira wa mlango wa friji, akaukata vipande, akapaka gundi, akaziba tundu baada ya tundu, kazi safi ya kupiga picha.

Ijumaa, saa kumi na moja, mama mkwe akaketi, akabonyeza. Laptopu ikawaka kabla hajavaa miwani.

"Mh!" akasema. Kwa mama yule, hiyo ni shangwe.

Video ikaanza kuungwa. Asilimia tano. Kumi. Baridi akavimba kama maandazi. Asilimia ishirini, feni ikaanza kulia. Ishirini na sita, kioo kikawa cheusi.

"Ahsante, mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole, akaanza kufungua mfuko wake wa kitambaa. Upole ule ndio uliomuua. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Mkewe akaiinua laptopu aitie mfukoni, akaitupa mezani. "Yalaa! Si pasi hii!" Akaipindua. "Baba Watoto, hiki kitu kinapumulia wapi?"

"Nimeziba. Baridi isitoke."

"Baridi gani? Friji inatolea wapi joto lake?"

"Nyuma, kwenye vile vyuma..."

"Na wateja wako wakiisukuma mpaka ukutani?"

"Nawagombeza."

"Unawaambiaje?"

Baridi akayatazama yale matundu. "Nawaambia... nyuma lazima ipumue."

Uongo ulimjia mpaka kwenye meno: kwamba prosesa ilikuwa mbovu, kwamba yule muuza vipuri kamtapeli. Mama mkwe alikuwa anamtazama juu ya miwani.

"Mama," akasema, "prosesa nzima, feni nzima. Mbovu ni mimi. Nimeiziba pua."

Akabandua mpira kwa kucha, mwingine kwa meno. Wakaanza upya, wote watatu wamekodoa macho. Hewa ya moto ikatoka ubavuni, puuu, na Baridi akaisogezea shavu kama mtoto kwa mamaye. Ilipofika saa moja na nusu usiku, asilimia mia.

Jumamosi video ilionyeshwa mkutanoni mpaka mwisho, Baridi naye akiwepo. Ilipokwisha, mama mkwe akasimama. "Kabla ya chai, mkwe wangu atakuja mbele aeleze kwa nini kinachotoa joto hakizibwi."

Walimu wastaafu thelathini wakatoa kalamu.

Baridi akaeleza, pamoja na kosa lake.

"Sauti!" akafoka mmoja wa nyuma. "Na utoe mikono mfukoni!"

Alipomaliza, mama mkwe akatangaza, "Saba kwa kumi."

"Tatu zimekwenda wapi, Mama?"

"Mbili za mpira. Moja umesimama kama nguo iliyoanikwa." Akachukua laptopu, akamwekea mikononi. "Nenda nayo. Kuna herufi inanikwama. Na usizibe kitu."