Gundi na Ukurasa wa Ishirini na Moja

Fundi viatu mmoja, ambaye watu walimwita Gundi mpaka wakalisahau jina lake la ubatizo, alikuwa na ugonjwa wa kupenda kumaliza. Kiatu kikiingia kibandani mwake saa tatu, saa sita kiwe kimetoka. Kwa hiyo kanisa lake lilipogawa vijitabu vya kukua katika imani, vya siku arobaini, ukurasa mmoja kila siku, alipokea chake, akakibonyeza kwa kidole gumba jinsi anavyopima unene wa soli, akamwambia mkewe, "Hiki wiki mbili tu nimekimaliza."

"Si cha kumaliza, baba watoto," mkewe akasema. "Ni cha kukutengeneza."

"Basi kitanitengeneza kwa wiki mbili."

Mkewe alikuwa mpokea wagonjwa kwenye zahanati. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wenye haraka wakae kwenye benchi wangoje zamu, na mazoezi hayo yalimfaa sana nyumbani. Akakiweka kijitabu juu ya meza ya chakula na kalamu pembeni yake: ukurasa mmoja, asubuhi, kabla ya chai. Gundi akakubali. Kubishana na mwanamke yule kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na yeye alikuwa ametwanga miaka ishirini na mitatu.

Kila ukurasa ulikuwa na mstari wa Maandiko juu, tafakari fupi katikati, na chini kabisa, ndani ya kisanduku, maneno "Tendo la leo". Tafakari alizivuka mbiombio kama mtu anayevuka tope. Lakini tendo lilikuwa kazi, na kazi aliijua. Kibandani mwake kila kiatu kilifungwa kikaratasi kwa uzi, kikaandikwa ubovu wake na siku ya kuja kuchukuliwa. "Kisigino. Alhamisi." "Mshono wa pembeni. Ijumaa." Sasa vikaanza kuonekana vikaratasi vingine vikining'inia kwenye misumari ileile, katikati ya viatu vya watu. "Hasira. Jumatano." "Maneno mengi. Jumamosi, saa nne." Mwalimu mmoja aliyefuata sandali zake alisoma "Kiburi. Jumatatu," akauliza kama hicho nacho ni cha mteja.

"Ni cha mwenye kibanda," Gundi akajibu. "Kitachelewa, vipuri havijafika."

Tusimcheke sana, maana alijitahidi kweli. Siku ya tatu kijitabu kilimtaka amsikilize mtu bila kumkatiza, naye akamsikiliza mama mmoja aliyeumwa vidole vya miguu kwa muda wa robo tatu za saa, kuanzia mguu wa kushoto hadi wa kulia na kurudi tena wa kushoto. Siku ya saba kilimtaka amsifu mtu wa nyumbani mwake. Akamwambia mkewe kwamba amependeza. Mkewe akaweka kikombe chini polepole. "Umevunja nini?" akauliza.

Siku ya kumi na mbili alitakiwa kusali dakika tano bila kuomba chochote, ashukuru tu. Alishangaa jinsi dakika tano zinavyokuwa ndefu mtu akiwa hana cha kudai. Lakini kesho yake alishukuru tena bila kuagizwa na mtu, na kesho kutwa tena, na hilo hakulifungia kikaratasi.

Siku ya ishirini ndipo kijitabu kilipomgeuka. Chini ya kisanduku kulikuwa na mstari mmoja wa ziada: "Kesho tutamwendea mtu tuliyemuumiza. Anza leo kumfikiria."

Gundi hakuhitaji kumfikiria. Alimjua, na alijua alipo: mitaa miwili tu kutoka pale, kwenye chumba chenye mlango wa bluu, anatengeneza mabegi na masanduku. Alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, na bado walisali kanisa moja. Walikuwa wamefanya kazi benchi moja kwa miaka kumi na tisa, na sasa huu ulikuwa mwaka wa pili hawasemeshani. Gundi alimkumbuka zaidi saa za mchana, wateja wakiwa wachache, kwa sababu ndizo saa walizokuwa wakitaniana. Kibanda kimya kilimchosha kuliko kazi. Alitamani mdogo wake arudi, ila alitamani arudi mwenyewe, bila yeye Gundi kusumbuka.

Kisa chenyewe kanisa zima lilikijua. Bwana harusi mmoja alipiga magoti mbele ya mchungaji, na soli ya kiatu chake cha kulia ikafunguka, ikabaki inaning'inia. Watu walicheka mpaka bibi harusi naye akacheka. Kiatu kile kilikuwa kimetoka kibandani kwa ndugu wawili asubuhi ileile. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Gundi akasimama. Alipenda sana kusimama. Akakigeuza kisa kuwa mfano: kwamba soli isiyoshika ni imani isiyo na msingi, na kazi ya pupa mwisho wake ni aibu mbele za watu. "Mimi gundi yangu mnaijua," akamalizia, akakaa.

Hakumtaja mtu. Lakini mafundi wa kibanda kile walikuwa wawili, na mmoja alikuwa ameshajitoa lawamani. Vichwa vyote vikamgeukia mdogo mtu. Wiki ile wateja wakaanza kusema, "Changu akishike yule wa gundi," na mwezi haukuisha mdogo akakusanya sindano zake, akaondoka bila kelele.

Sasa, kijitabu kilikuwa kimekaa sana kwenye mfuko wa aproni na kurasa zake zilikuwa zimeanza kuachia. Jioni ya siku ya ishirini Gundi akakipaka gundi mgongoni, ileile ya viatu, akakibana mpaka asubuhi. Huyu alikuwa fundi wa miaka thelathini, mtu wa kupaka gundi macho yamefumbwa na isizidi hata tone. Siku hiyo ilizidi. Asubuhi ukurasa wa ishirini na moja ulikuwa umeshikana na wa ishirini na mbili, pembe kwa pembe.

"Ajali kazini," akamwambia mkewe.

Mkewe akaujaribu kwa ukucha. "Si wewe unayezipasha moto soli za watu ndipo uzibandue? Pasi hiyo hapo."

"Karatasi itaungua."

"Umebandua ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, leo karatasi imekushinda?"

"Nitaendelea na ishirini na tatu," Gundi akasema, akaigida chai yake ikamuunguza ulimi.

Alhamisi jioni kikundi cha mtaa kilikutana sebuleni kwa Mama Mkunga. Alikuwa mkunga mstaafu aliyewazalisha nusu ya waliokaa mle ndani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumringia. Kila mtu alieleza siku ya ishirini na moja ilivyomwendea. Dereva wa lori alikuwa amempigia simu shemeji yake. Msusi alikuwa amemwomba radhi mteja aliyemsengenya, na ikabidi kwanza amweleze alichomsengenya, maana mwenyewe alikuwa hajui. Zamu ikamfikia Gundi.

"Ukurasa wangu umeshikana," akasema. "Na gundi yangu mnaijua."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mama Mkunga hakucheka. Alimtazama kwa juu ya miwani yake, jinsi alivyowatazama zamani wanawake waliodai uchungu bado.

"Mwanangu," akasema, "mficha uchi hazai. Chukua changu." Akamwekea mapajani kijitabu chake, kikiwa kimefunuliwa palepale.

Gundi alikisomea kibandani kesho yake, mlango ameurudisha nusu. Maneno yalikuwa machache kuliko alivyoogopa. "Tendo la leo: Mwende. Usibebe sababu. Taja kosa, kisha nyamaza."

Sababu alikuwa nazo za kujaza gunia. Sikumtaja jina. Nilitaka kufundisha. Yeye mwenyewe ana moyo mwepesi. Aliziweka zote pembeni, moja moja, kwa uchungu, akajaribu kulitaja kosa. Ndipo akagundua kwamba yale maneno ya kanisani yalikuwa ya juu tu. Chini yake kulikuwa na kosa jingine ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe, na hata mbele za Mungu alikuwa akilipita kwa mbali: soli ile aliibandika yeye. Bwana harusi alikuwa mlangoni akitazama saa. Gundi ile ina sharti moja, kwamba uipake pande zote mbili, ungoje dakika kumi, ndipo ushikanishe. Yeye hakungoja hata mbili. Mdogo wake alikipaka kiatu rangi tu, basi.

Masikio yalimwasha kwa aibu. Fundi huyu aliyewahubiria watu juu ya kazi ya pupa! Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa ameliona, akalifunika, kisha akalionyesha kuwa la mwenzake. Akavua aproni, akafunga kibanda saa nne ya asubuhi, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona, akaenda.

Mdogo wake alikuwa ameinamia sanduku kubwa, anabadilisha zipu.

"Karibu, kaka," akasema bila kuinuka. Adabu ya mdogo hakuiacha, ila uchangamfu hakuutia.

Gundi akabaki amesimama. "Unajua, siku ile palikuwa na haraka sana, na yule bwana harusi naye..." Akajikata. Hiyo ilikuwa sababu. Akaanza upya. "Ile soli niliibandika mimi. Halafu nikakubebesha wewe. Nimekukosea, mdogo wangu." Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya: akanyamaza.

Mdogo mtu alivuta zipu mpaka mwisho, akairudisha, akaivuta tena.

"Mimi huna haja ya kuniambia, kaka," akasema. "Mimi nilikuwepo."

"Kumbe ulijua?"

"Brashi ya gundi ilikuwa mkononi mwako, ya rangi mkononi mwangu. Nikose kujua?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme wapi? Ungesimama tena ukanitolea mfano wa pili." Alitaka kucheka, kicheko kikamwishia njiani. "Nilikuwa nangoja useme wewe. Miezi ya kwanza nilingoja sana. Baadaye nikayazoea masanduku. Na si ile soli iliyoniuma, kaka. Kila mtu soli yake hubanduka siku moja. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa unatabasamu."

Gundi akahisi machozi, akayaacha, kwa kuwa hakujua namna ya kuyazuia bila kusema neno. "Nifanye nini?" akauliza mwishowe.

"Kijitabu chako kinasemaje?"

"Hapo kinaishia."

"Basi tumia akili. Uliyasema yale mbele ya watu wangapi?"

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Gundi alisimama. Watu wakajiweka sawa kwenye mabenchi, wengine wakianza kutabasamu, maana mifano yake ilikuwa mitamu hata ilipokuwa mirefu. Yeye alishika benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Miaka miwili iliyopita niliwaambia habari za kiatu cha bwana harusi," akasema. "Soli ile niliibandika mimi. Sikungoja gundi ikauke. Mdogo wangu alipaka rangi tu. Nikawaacha mfikiri ni yeye, akapoteza wateja, na mimi nikawapata."

Mchungaji, ambaye alimzoea, akangoja, kisha akamsaidia. "Na funzo lake, ndugu yetu?"

"Leo halina funzo, mchungaji. Ndivyo ilivyokuwa, basi."

Akakaa. Mkewe hakuwa ameambiwa lolote kabla. Alimshika mkono tu. Nyuma kabisa yule bwana harusi, mtoto mapajani, akaanza kucheka kwa sauti, "Na mimi nilimwambia afanye haraka!" na kicheko kikasambaa benchi kwa benchi. Kilikuwa kicheko kizuri, lakini Gundi hakukisikiliza. Alikuwa akitazama upande wa pili wa kanisa, ambako mdogo wake alikuwa ameinamisha kichwa, na kutoka pale huwezi kujua mtu analia au anasali.

Nje, baada ya ibada, watu walikuja kumpa mkono, wengine wakimtania kwamba sasa itabidi wampe jina jingine. Gundi alijibu nusu nusu, jicho likiwa mlangoni. Mdogo wake akatoka, akaja moja kwa moja. Gundi akafungua mikono akumbatiwe. Mdogo hakumkumbatia. Alikuwa anatazama chini.

"Kaka, hivyo visigino kweli ni vya fundi?"

"Nimekosa nafasi ya..."

"Sababu hizo. Vua."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ndiko ulikokuzoea. Cha kushoto ndicho kibaya zaidi. Vua."

Gundi akavua. Mdogo akakigeuza kiatu, akakikunja, akasikiliza soli inavyolia, akaguna guno lile la benchini ambalo Gundi hakulisikia kwa miaka miwili. Akakitia kwapani.

"Kesho alasiri ukifuate. Na usinikimbize." Akaondoka zake, hakugeuka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Hivyo Gundi akarudi nyumbani na kiatu kimoja, amemwegemea mkewe, soksi inazoa vumbi la mtaa mzima. Mkewe alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Jirani mmoja aliyekuwa dirishani akamwita, "Gundi! Kiatu kingine umekitupa wapi?"

"Kiko kwa fundi," Gundi akajibu.