Nilivyoshonesha fulana za kura ya Wacherokee nikiwa Guangzhou

Habari za jioni wakuu.

Naona uchaguzi unanukia, na humu ndani vijana wameshaanza kuulizana nani anajua kiwanda cha fulana China. Mimi najua, ila nimechoka. Nasema mapema ili anayetaka kunivuta kwenye chama chake asipoteze bando.

Kuna kisa nimekaa nacho muda mrefu. Nakiandika kilivyokuwa, bila chumvi. Picha sitaweka, ina wenyewe.

Miaka ile China imechangamka, kila Mswahili ana kontena kichwani, nilikuwa na ofisi Tianxiu, lile ghorofa la wafanyabiashara pale Xiaobei. Ofisi ni neno kubwa. Ilikuwa meza, feni, na kochi la wateja waliotoka uwanja wa ndege bila kulala.

Kazi yangu ilikuwa uwakala wa vitu vya kampeni. Fulana, kofia, skafu, kanga. Mwaka 2005 nilishonesha za nyumbani, mwaka uliofuata zikaja za Congo.

Wakuu, mkitaka kuacha kuamini siasa fanyeni kazi hii. Nilikuwa na wagombea wawili wa jimbo moja, wanatukanana majukwaani mpaka mate yanaruka, na wote wawili wamevalishwa na laoban mmoja, kitambaa kimoja, mashine moja. Laoban ni bosi kwa Kichina. Huyu wangu alikuwa mama wa makamo mwenye karakana Kangle, kule kwenye vichochoro vya mafundi cherehani karibu na masoko ya vitambaa. Alikuwa hajui hata nchi zetu ziko upande gani. Alichojua ni kwamba Mwafrika akija na sura ya mtu mnene, inachapwa kubwa kifuani.

Na hapo ndipo kwenye kisa. Shikeni hilo la sura.

Mwishoni mwa 2006 aliingia ofisini jamaa mweusi, mrefu, mpole. Nikamsalimia Kiswahili, hola, haelewi. Nikajaribu Kifaransa cha kuokoteza, hola. Kumbe Mmarekani. Jina lake Marvin, anafundisha Kiingereza chuo kimoja pale mjini. Alikuwa ameelekezwa kwangu na jirani yangu wa ofisi, Papa Mbuyi, Mkongomani wa Lubumbashi aliyekuwa akinunua vitenge.

Marvin akasema anataka fulana za kura. Nikamuuliza kura ya nchi gani.

Akasema, "Ya Wacherokee."

Nilicheka, nakiri. Wacherokee mimi nilikuwa nawajua kwa lile gari, Jeep Cherokee. Wakubwa wenzangu mtakuwa mnawajua kwa filamu za kauboi, Wahindi Wekundu, manyoya kichwani. Sasa huyu mbele yangu ni mweusi kama mimi. Nikamwambia ndugu yangu, wewe Mcherokee kwa upande gani?

Hakukasirika. Nadhani alishaulizwa hivyo tangu utoto. Alikaa kwenye kochi akanieleza taratibu, Papa Mbuyi naye akaja kutoka ofisini kwake kusikiliza.

Nafupisha, kwa sababu najua humu uzi mrefu hamsomi.

Wacherokee wana serikali yao ndani ya Marekani. Wana katiba, bunge, mahakama, na chifu anayepigiwa kura. Kwetu machifu walifutwa baada ya uhuru, kwa hiyo hilo tu lilinichanganya. Zamani waliswagwa kwa nguvu kutoka ardhi yao, wakapelekwa magharibi, wengi wakafia njiani. Ila baadhi yao, wale wenye nacho, walikuwa na watumwa weusi, na watumwa nao walitembea njia hiyo hiyo. Mababu wa Marvin walikuwa humo.

Baada ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe watumwa wakaachiwa, na mkataba ukasema wao na vizazi vyao ni raia wa taifa la Wacherokee sawa na wengine. Miaka ikaenda, serikali ya Marekani ikaja kuandikisha watu. Ukionekana mweusi unaandikwa kundi la walioachiwa huru, hata kama bibi yako ni Mcherokee wa damu. Walikuwa wanaangalia sura.

Kisha Oklahoma ikafanywa jimbo na serikali ya Wacherokee ikavunjwa makali. Kwa miaka mingi chifu wao alikuwa anateuliwa na rais wa Marekani. Marvin alisema kuna machifu waliteuliwa kwa siku moja tu, wasaini karatasi, waende zao. Mpaka miaka ya sabini ndipo wakaruhusiwa kuchagua tena wenyewe na kuandika katiba mpya.

Mama yake Marvin alipiga kura hizo za kwanza. Alivaa gauni la kanisani siku hiyo.

Miaka ya themanini akaenda kupiga tena, akaambiwa mama, kadi yako haifai, tunataka inayoonesha una damu ya Kicherokee. Akarudi nyumbani. Zaidi ya miaka ishirini hakupiga. Halafu 2006 mahakama ya Wacherokee wenyewe ikasema watu hawa ni raia, waandikwe. Akaandikwa, bibi wa miaka themanini na kitu, na kadi akaiweka kwenye fremu sebuleni.

Haijatulia vizuri ukutani, Wacherokee wenzake wasiowataka wakakusanya saini. Wanataka kura ya kubadili katiba, abaki mwenye damu tu. Kura ni mwanzoni mwa Machi.

"Mama anasema anataka kufa akiwa mtu wa kwao," Marvin akamaliza. "Hana ombi lingine."

Papa Mbuyi alishindwa kuvumilia. Akasema, "C'est la même chose, ni kitu kile kile, kaka. Sisi kule Lubumbashi watu walituambia muende kwenu Kasai. Kasai! Miye nilizaliwa Lubumbashi, papa yangu alizaliwa Lubumbashi. Kasai sijafika hata siku moja."

Nikawasogezea feni wote wawili.

Nimpe haki yake Marvin, hakuwatukana wenzake. Alisema hilo taifa limeporwa kila kitu, kuamua nani ni mtu wao ndicho kitu pekee kilichobaki mikononi mwao, wanakishika kwa nguvu. Na wapo wenye damu waliokuwa wanahangaika pamoja na mama yake. Nilitamani angetukana kidogo, ningeelewa haraka zaidi.

Sasa, waliokaa China wameshaona tatizo. Kura Machi. Mwaka mpya wa Kichina Februari.

Kwa wasiojua, mwaka mpya ukikaribia Guangzhou inahama. Mafundi wote Kangle ni watu wa mikoani, wanafunga mabegi mapema, na karakana inabaki kufuli. Ukiwa na mzigo haujaisha, huo ni wa mwezi ujao. Marvin, kama Mmarekani mstaarabu, alichelewesha mambo kwa kufikiria maneno ya kuandika. Alipoyaleta, laoban akanijibu "meiyou", yaani hakuna. Hakuna watu, hakuna muda.

Nilimbembeleza yule mama sijawahi kumbembeleza hivyo mke wangu. Akakubali kwa sharti moja, kazi ianze siku hiyo hiyo, bila sampuli. Kawaida tunashona moja kwanza, mteja anaiona, ndipo zinaendelea. Marvin alikuwa Hong Kong kushughulikia viza, na simu yake haikupatikana.

Nikaamua mwenyewe.

Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza. Mbele: Mimi ni Mcherokee. Nyuma: Piga kura ya HAPANA. Basi, hakuna kingine. Nikaangalia ile karatasi nikaona huyu ndugu hajui kampeni. Fulana bila sura! Nani atampigia kura mtu asiyemuona? Miaka yote hiyo sijawahi kutoa fulana ya kampeni isiyo na sura kifuani, na waliobana hela ya wino, sura ikatoka ndogo, wengi walianguka.

Kwenye barua pepe alikuwa amenitumia picha ya mama yake, nimuone tu. Bibi mzuri, nywele nyeupe, kofia ya kanisani, anatabasamu kwa upande mmoja. Nikampa laoban. Akaichapa kubwa, kifua kizima, ndani ya duara lenye ua huku na huku, kama tulivyozoea.

Wakuu, zilitoka nzuri! Nilijiona fundi kwelikweli.

Marvin aliporudi nikamfungulia furushi moja pale ofisini. Akatoa fulana, akaikunjua, akaishika mbele yake. Macho yakamtoka. Nikadhani furaha. Kisha akakaa chini na fulana mapajani, akafunika uso.

Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini umemuua mama yangu?"

Kumbe kwao, kwa watu weusi wa Marekani, fulana yenye sura ya mtu kifuani, duara na maua, ni ya msiba. Ndugu wanaivaa siku ya maziko. Sikujua. Kwetu aliye hai na anaomba kura ndiye anayewekwa kifuani. Nitajuaje mimi?

Nilitoka mbio nikachukua teksi mpaka Kangle, nikidhani nitamkuta laoban. Mageti yamefungwa, karatasi nyekundu za mwaka mpya mlangoni, vichochoro vitupu, mabaki ya vitambaa yanaburutwa na upepo. Niligonga lile geti nikiwa najua kabisa hakuna mtu. Nilirudi nimechoka mpaka mifupa.

Marvin akazibeba hivyo hivyo kwenye mabegi mawili, kwa sababu bila hizo hakuwa na kitu. Tuliagana vibaya. Sikukuu ile nilikula tambi peke yangu na sikufurahia fataki hata moja.

Alirudi Guangzhou katikati ya Machi. Akaja ofisini, amekonda. Niliogopa kuuliza, akaanza mwenyewe na habari ya fulana.

Alipofika nyumbani alizificha kwenye gari. Mama yake akaenda kuzitafuta, akaikunjua moja, akaitazama sana. Halafu akasema, "Nimetoka vizuri." Akacheka mpaka akakohoa. Akaivaa juu ya sweta, na siku ya kura akakaa kwenye kiti cha kukunja, mbali kidogo na kituo kama sheria inavyotaka, kwenye baridi. Watu wakiona wajukuu zake wamevaa sura yake wanasogea kutoa pole, wanamkuta mwenyewe yupo nyuma yao anawaambia, "Pole ya nini? Nenda kapige kura."

Nilicheka. Marvin naye akacheka. Kisha nikauliza matokeo.

Walishindwa, tena vibaya. Bibi akawa si raia tena.

Baada ya miezi michache akanipigia simu, mahakama yao imesema kwanza warudishwe kwa muda, mpaka kesi ziishe. Nikamuuliza kwa hiyo mama sasa ni nani? Akasema raia wa muda.

Hesabuni wenyewe. Raia, si raia, raia, si raia, raia wa muda. Mtu mmoja, hajahama hata nyumba. Mimi nilikuwa na viza ya kuungaunga na nililalamika kila siku, ila angalau nilikuwa na pa kurudi ambapo hakuna wa kuniuliza.

Mwishoni mwa mwaka huo tulishona za Kenya. Kilichofuata mnakijua. Baada ya hapo kila nikiona fulana ya kampeni nasikia uchovu, nikaanza kufunga ofisi kidogo kidogo.

Mwaka jana, nikiwa nimebakiza kochi tu, ikaingia barua pepe ya Marvin, yeye sasa yuko kwao. Mama amefariki. Familia imekubaliana kuvaa zile fulana kwenye maziko, ila zilizobaki hazitoshi, ndugu ni wengi. Naweza kutengeneza nyingine?

Nilikwenda Kangle siku hiyo hiyo. Laoban amezeeka kidogo. Akafungua stoo, akatafuta katikati ya skrini za kuchapia za wanasiasa wetu, akamtoa yule bibi, vumbi tupu, anatabasamu kwa upande mmoja. Hakuwa ameitupa. Akaniuliza kwa ishara kama alishinda. Nilitikisa kichwa.

Nilimwandikia Marvin nikamuuliza maneno ya mgongoni tufanyeje, yale ya kupiga kura ya hapana. Huu ni msiba, tuyafute? Sikutaka kukosea mara ya pili.

Akajibu mstari mmoja. "Acha hivyo hivyo. Kesi haijaisha."

Basi wakamzika wamegeuka mgongo kwa kamera, mstari mzima wa watu weusi kwenye majani ya Oklahoma, migongo yote imeandikwa HAPANA. Ndiyo picha niliyosema siweki.

Nilichojifunza? Mteja muoneshe sampuli, hata kama laoban anafunga geti. Na hii ya kuulizana wewe wa wapi, baba yako nani, ambayo hata humu mnaanzisha kila mkibishana, ikianza haina mwisho, inakufuata mpaka makaburini.

Fulana moja niliibakiza. Juzi tunahamisha kabati, mke wangu akaikuta. Akaikunjua, akamtazama yule bibi, akaniuliza, "Huyu mama anagombea nini?"

Nilikaa kitandani. Nikamwambia anagombea kuwa mtu wa kwao.

Akaikunja vizuri, akairudisha.

Haya, uwanja ni wenu. Kama na wewe umewahi kuambiwa si wa hapa ulipozaliwa, andika hapo chini, nitasoma zote. Wa bei za fulana msinifuate inbox.