Rosa Ajifunza Kuanguka Majini

Rosa Nkunzimana alikuwa amelima nyanya kando ya bwawa la Kitanga kwa miaka mingi bila kuingia majini kupita magoti. Kisha kikundi chao cha akina mama kikaanza kufuga perege kwenye vizimba katikati ya bwawa. Mradi ukawaletea kayaki mbili za plastiki, na wakatakiwa watu wawili wa kupeleka chakula cha samaki kila asubuhi. Zuleha, muuza dagaa, akanyoosha mkono. Rosa akashangaa kuona na wa kwake uko juu.

"Mama, hata kuogelea hujui," binti yake Benita alimwambia jioni.

"Ndiyo maana naenda kufundishwa."

Mwalimu wao, Pasikali, alikuwa mtu mpole aliyewahi kutembeza wageni ziwani Kigoma. Alianzia nchi kavu. Alimvisha Rosa jaketi la kuokolea, akalishika mabegani na kulivuta juu. Likafika masikioni.

"Hili litaelea, wewe utabaki chini," alisema, akaikaza mikanda mpaka likamkaa.

Rosa naye alikuwa akiitazama kayaki. Haikuwa na tumbo la kuingia kama mtumbwi. Mtu alikaa juu yake, kwenye kiti kilichofinyangwa humo humo, na ilikuwa na matundu yaliyopenya mpaka upande wa pili.

"Mwalimu, chombo kimetoboka na mimi nipande?"

"Matundu ni ya kutolea maji yanayorukia juu, mama. Ndani kuna hewa tupu, imezibwa kote. Haizami."

Kupiga kasia hakukumsumbua. Pasikali aliwaambia wasivute kwa mikono, wageuze kiwiliwili, na Rosa aliyezoea jembe akaelewa haraka. Akajifunza kuigeuza kayaki na kuisimamisha. Shida ilikuja walipoambiwa waipindue kayaki na kuanguka makusudi.

"Mimi sina mpango wa kuanguka."

"Hakuna mwenye mpango huo, Mama Benita. Ila mpaka nione umerudi juu mwenyewe, vizimbani huendi."

Rosa alirudi nyumbani amenuna. Zuleha akaanguka, akapanda, akaanza kwenda na mwalimu, na Rosa akawa anawatazama kutoka kwenye nyanya zake. Aliona wivu. Asubuhi moja akavaa suruali ya mumewe Ildefonsi chini ya kitenge, akashuka bwawani, akamkabidhi Zuleha kitenge na kwenda na kayaki hadi mahali asipogusa chini, Pasikali akimfuata kwa ile ya pili. Akaegemea upande mmoja.

Maji yalimfunika, masikio yakaziba, kisha jaketi likamrusha juu akikohoa. Kayaki ilikuwa pale pale, ubavuni.

"Usiiachie," Pasikali alisema. "Piga miguu. Tumbo kwanza, kisha geuka ukae, miguu mwisho."

Mara ya kwanza aliivuta ikamfunika kichwani. Mara ya pili alilala juu yake kama gunia la muhogo, akateleza upande wa pili, na Zuleha akacheka mpaka akachuchumaa. Safari iliyofuata alikaa. Alikaa akitweta, suruali ikichuruzika, wala hakutaka kushuka.

Baada ya hapo wakawa wanakwenda wawili, kamwe si mmoja, kila mtu na filimbi yake shingoni. Siku moja walichelewa, na walipomaliza kulisha, upepo ukaanza kuvuma kutoka upande wa nyumbani. Walipiga makasia, lakini vizimba vilibaki pale pale kando yao.

"Tukazane," Zuleha alisema.

"Tutachoka bure. Twende upepo unakotupeleka, ng'ambo ni karibu."

Wakageuza, wakafika ng'ambo bila taabu, wakavuta kayaki hadi kwenye majani. Rosa akatoa simu kwenye mfuko usioingiza maji, akampigia Benita asiwe na wasiwasi.

Mwanamke aliyekuwa akimenya muhogo karibu na shamba lake akainua kichwa. Alikuwa Esteri, aliyeimba kwaya na Rosa kabla hajaolewa upande ule. Kwa miguu kulizunguka bwawa ni mbali, na walikuwa wameacha kutembeleana.

"Mwakeye, Rosa," alimsalimia kwa lugha ya kwao. "Umetokea majini?"

"Mwakeye. Upepo umetuleta."

Esteri aliwapa muhogo wa kuchemsha na karanga. Wakaulizana habari za watoto na za majirani waliorudi kwao Burundi, wakajaribu wimbo mmoja wa zamani na kusahau ubeti wa pili. Upepo ulitulia mapema, Zuleha akalitaja hilo, ila hakuna aliyeinuka. Rosa alijimenyea karanga nyingine, akaomba maji ya kunywa.