Wino Wenye Dawa

Niliamini, tena kwa roho yangu yote, kwamba mwalimu wetu wa bayolojia alitia dawa kwenye wino wa riwaya zake. Temeke nzima ilijua. Alikuwa mtaalamu wa mbu katika maabara ya serikali, na ilisemekana huko ndiko alikokamua dawa fulani kutoka kwenye mate ya mbu, akaipeleka kwa siri kiwandani vitabu vyake vilikopigwa chapa. Ukilamba kidole ili ufunue ukurasa, dawa inaingia ulimini, na basi tena: huli, huogi, mkeo anakuita husikii, mpaka ufike mwisho wa kitabu. Wengine walipoisikia habari hiyo walicheka. Mie sikucheka. Nilikasirika mpaka kola ya shati ikanibana.

Nilikuwa na haki ya kukasirika. Mchana nilikuwa kiwanda cha nguo, kwenye mashine zenye kelele za kuamsha makaburi yote ya Kinondoni. Jioni nilikimbilia masomo ya watu wazima katika shule ya msingi moja hukohuko Temeke, tukakaa madawati ya watoto, magoti yanagusa masikio. Nilitaka kwenda chuo cha waganga wasaidizi, nikatibu watu vijijini, nisife nikiwa nimeshika uzi. Chuo kilitaka cheti cha kidato cha nne chenye bayolojia, na bila bayolojia hata mlinzi wa getini asingenisalimia.

Mwalimu wa bayolojia tulikuwa naye huyo mmoja tu. Alikuja kujitolea akitoka maabara, bado ananuka dawa, na siku nyingine alibeba darubini kwapani kama mtu aliyebeba jogoo. Akatufundisha safari ya chakula kuanzia mdomoni hadi kule kunakojulikana, akachora ubaoni utumbo mrefu kuliko barabara ya Kilwa. Akamaliza, akapangusa chaki, akasema, "Ndugu zangu, wiki ijayo tunaingia kwenye moyo."

Wiki ijayo hakuja. Iliyofuata pia hakuja. Baadaye tukasikia ameacha hata kazi ya maabara, sasa anatunga hadithi za upelelezi.

Hadithi! Taifa limemsomesha mpaka ng'ambo, redio kila asubuhi inatuambia uhuru ni kazi, halafu yeye anakaa kutunga nani kamuua nani. Sie katuacha na utumbo mtupu, moyo hatuna, mtihani unakuja.

Na kitabu chake kilivyouzwa sasa! Mji huohuo uliokuwa unapanga foleni ya sukari na foleni ya sabuni ukapanga foleni ya kitabu. Mzigo ukifika Kariakoo asubuhi, adhuhuri hata karatasi ya kufungia haipo. Nyumbani kwetu wapangaji tulikuwa wengi na nakala iliyopatikana ni moja, kwa hiyo ikafanyika kama ilivyokuwa ikifanyika nyumba nyingi za kupanga. Jirani yangu wa chumba cha pili, mchonga vinyago kutoka Newala, alichukua kisu chake cha kazi, akakata nyuzi za kitabu taratibu, akakigawa mafungu kwa hesabu ya vyumba. Kila chumba kinasoma fungu lake, kikimaliza kinapitisha mlango wa pili. Ole wako utaje mbele ya mwenzio yaliyomo kwenye fungu ambalo hajafika.

Fungu lilipofika kwangu, nililiweka juu ya kabati.

"Wewe mwanabayolojia!" mchongaji akanigongea. "Fungu umelilalia tangu juzi. Soma upitishe, watu tunataka kujua nani kamuua karani."

"Mie silambi sumu."

"Sumu gani? Mie nimelamba mafungu matatu, si huyu hapa mzima?"

"Mzima wapi? Kinyago cha mteja umekiacha na sikio moja!"

Mama mwenye nyumba akafoka kutoka uani, "Nyamazeni nyie! Mie niko pale anapofungua mlango wa stoo!"

Jioni ile, kwa ubishi tu, nikalichukua. Nilifunua kurasa kwa njiti ya kiberiti, ulimi nimeufungia ndani ya meno. Na nikasoma. Mpelelezi kainama juu ya maiti ya karani, anawaeleza polisi jinsi sumu ilivyosafiri. Imeingia kwenye mshipa, ikafika chumba cha juu cha kulia cha moyo, ikateremka cha chini, ikapelekwa kwenye mapafu, ikarudi upande wa kushoto, ndipo ikasukumwa mwili mzima. Milango ya moyo inavyofunga na kufungua, yote imo. Maelezo yalikuwa wazi kuliko ubao wowote niliowahi kuutazama.

Nikasimama. Ni somo letu! Tuliloahidiwa sie, kaligawa kwa watu wanaolisoma huku wakigeuza chapati!

Jumamosi nilitoka kazini moja kwa moja hadi Kinondoni anakoishi, kwa miguu, fungu limo mfukoni, na nadhani lami ya njia ile iliyeyuka kwa hasira zangu. Nikamkuta barazani na taipureta juu ya stuli, kavaa msuli. Hasira ni hasira lakini mkubwa ni mkubwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Umeleta nikutilie saini? Mbona kitabu chenyewe kimechinjwa?"

"Sikufuata saini. Nimefuata moyo."

Akacheka. Nikampigia ukurasa ule juu ya stuli, kando ya taipureta. "Huu hapa! Umewapa wauza vitumbua, umewapa makondakta, sie wanafunzi wako umetunyima. Mwalimu, mie nafeli hivi, na chuo nakikosa, kwa sababu wewe umeona raha kuwa maarufu!"

Kicheko kikamtoka usoni. Akaivuta karatasi kwenye taipureta, akailaza kifudifudi.

"Mtihani lini?"

"Novemba."

"Wenzio bado wanahudhuria?"

"Wanahudhuria. Tunakaa pale bila mwalimu, tunabishana, fundi cherehani anatuambia moyo uko upande wa kulia."

"Lahaula. Waambie Jumatatu nakuja. Na Jumatatu nyingine, mpaka Novemba."

Ningeweza kuondoka na ushindi wangu. Lakini nilikuwa bado nachemka, nikaona nimalizie yote.

"Na dawa uliyoiba maabara ukaitia kwenye wino, hiyo utaisema lini?"

Akaona sitanii.

"Ndugu yangu, kwenye wino hakuna dawa. Maabara yenyewe haikuwa na dawa. Lenzi ya darubini ilivunjika, spiriti ikaisha, tukaagiza, tukajibiwa fedha za kigeni hakuna. Nikawa naingia kazini asubuhi, natazama ukuta mpaka saa tisa na nusu. Hadithi niliianza palepale mezani, nisirukwe na akili. Halafu jioni nije kwenu niwaambie sayansi itaijenga nchi. Nilishindwa kuendelea kulisema hilo, basi."