Spika Juu ya Benchi la Dada

Dada yangu mkubwa hasikii vizuri. Hilo si siri, maana hata bei ya nyanya soko la Roret huiuliza kwa sauti ya kuita ng'ombe. Kanisani huketi benchi la nyuma karibu na mlango kwa sababu ya mguu wake, na huko nyuma neno halifiki. Spika zilikuwa mbele, juu ya meza. Wa mbele walitoka kichwa kikiwauma, wa nyuma walitoka vile walivyoingia.

Sasa mjukuu wake akachumbiwa. Tukiwa shambani tunachuma majani chai, dada akaniambia, "Yule nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Siku akiulizwa kama amekubali, nataka kusikia na masikio yangu. Sitaki kuambiwa."

Nikayapeleka hayo kwa mzee wa kanisa. Akasema ni kitu rahisi, spika moja ipandishwe juu, kule nyuma. Kesho yake nikawakuta vijana wa kwaya juu ya ngazi, wanafunga lile sanduku zito kwenye mbao za dari. Kwa kamba ya ng'ombe!

"Shukeni," nikasema.

"Kogo, hii kamba imeshika fahali," mmoja akanijibu. Kogo ni nyanya kwa Kipsigis, na huyo huniita hivyo akitaka kunilainisha.

"Fahali akikata kamba tunamfuata kwa mahindi ya jirani. Hili likikata litamfuata dada yangu kichwani. Shukeni."

Wakashuka. Mzee wa kanisa akanung'unika kwamba imani yangu ni haba. Nikamwambia imani yangu iko sawa, ni zile mbao sijui kama zimeokoka.

Basi akaitwa fundi wa spika kutoka Kapkatet, mtu mzima mwenye watoto wake, ambaye babu yake alikuja huku kutoka upande wa Mlima Kenya kufanya biashara. Alipanda akagongagonga, akasema dari inajibeba yenyewe tu, haina nguvu ya kubeba mgeni. Akalaza bomba la chuma juu ya kenchi za paa, akalikaza na nati, akateremsha mnyororo. Halafu akaongeza waya ya chuma pembeni, imelegea, haibebi kitu.

"Na hiyo ya nini?" nikamwuliza.

"Hii inangoja tu, shosho. Mnyororo ukikatika, waya inadaka."

"Shosho ni nyanya wa kwenu. Hapa tunasema kogo."

"Sawa, kogo shosho."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mama yangu alitundika vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa kamba mbili za ngozi, moja ya kubeba na moja iliyolegea. Nikimwuliza ile ya pili inafanya nini, alisema, "Inangoja siku yake." Kwa hiyo huyu fundi sikumsumbua tena.

Akasema kabla ya sanduku kupanda, tutundike kwanza mzigo unaolizidi uzito. Mzee wa kanisa akaleta gunia la mahindi kutoka stoo yake, kifua mbele. Fundi akaondoa mabenchi, akatusukuma sote hadi ukutani, pamoja na dada aliyekuja kuangalia. Mtu asipite chini, akasema, hata kama ni mchungaji. Gunia likavutwa juu, likatulia.

"Mnaona?" mzee akaanza. "Mimi nilisema tangu mwanzo..."

Krrr! Mahindi yakamwagika kama mvua ya mawe. Kwaya ikapiga nduru, "Imeanguka! Imeanguka!" Nikaangalia juu. Mnyororo umetulia, bomba limetulia, na gunia tupu linaning'inia, tako limepasuka palipotafunwa.

"Chuma kimepita," fundi akasema. "Gunia ndilo limefeli."

"Mzee, panya wako pia hawajaokoka!" sauti ikatoka kwa kwaya. Kuku wakaingia kwa mlango kula bure. Dada, ambaye hakuwa amesikia kitu, aliona wale kuku na uso wa mzee, akacheka mpaka akashika ukuta.

Gunia jipya likatundikwa, likalala huko juu, asubuhi likakutwa palepale. Ndipo sanduku likapandishwa, uso wake umeinamishwa kuelekea mabenchi ya nyuma.

Siku ya harusi dada alikaa mahali pake na mimi nikakaa kando yake, maana siwezi kumwachia mtu kiti ambacho mimi mwenyewe naogopa. Nikainua macho kidogo. Akanifinya.

"Unatafuta nini juu? Bibi harusi yuko mbele."

Mchungaji akauliza. Sauti ya yule mtoto ikateremka kutoka juu ya vichwa vyetu, laini, kila neno peke yake: "Ndiyo, nimekubali."

Dada akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akageukia kanisa lote, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe.

"Amekubali!"

"Tumesikia, kogo!" kwaya ikamjibu.