Mpagazi Mwenye Kamba Nne

Jumapili nne mfululizo, mwanamke mmoja wa Bujumbura alifika chini kabisa ya pango ambalo mume wangu alilitengeneza kwa miaka miwili ili lisishukike kirahisi. Mara zote nne alifika na mhusika ambaye sisi wengine tulimwona kichekesho. Hakuwa askari, hakuwa mwindaji, hakuwa mganga. Alikuwa mpagazi. Sisi tuliobaki, yaani mume wangu mwenyewe, mimi, na jirani yetu Mkongomani wa ghorofa ya chini, kwa jumla tulikuwa tumefika huko mara mbili tu tangu theluji ya kwanza.

Pango lenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta, juu ya meza yetu ya kulia chakula, Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm. Mume wangu alikuja Stockholm kutoka Kenya kusomea kompyuta, akamaliza masomo, akaomba kazi kila mahali, na wakati ninaouzungumzia alikuwa akipanga masanduku ghalani. Mchezo alikuwa akiutengeneza jioni na siku za mapumziko. Simu za kuguswa kioo zilikuwa zimeanza kuonekana mikononi mwa watu kwenye treni, na kila mtu alisema michezo midogo sasa itapata soko. Kampuni moja ndogo ya Sundbyberg ilitangaza kwamba inawaalika watu wanaotengeneza michezo nyumbani walete kazi zao. Atakayewapendeza ataitwa kwa kazi ya majaribio. Mume wangu alilikata tangazo hilo akalibandika kwenye jokofu kwa sumaku. Hakusema mengi juu yake. Lakini mchezo ule ndio uliokuwa barua yake ya kuomba kazi, na baada ya barua nyingi zilizorudi na majibu ya heshima tupu, sote nyumbani tulijua kwamba hii ndiyo aliyoiwekea moyo.

Ulikuwa mchezo wa ile aina ambayo ukifa umekufa. Unaanza tena orofa ya kwanza, na vyumba vimejipanga upya, kwa hiyo huwezi kukariri njia. Orofa zilikuwa kumi na mbili, kwenda chini. Hukuwa na silaha mkononi. Ulikuwa na dadu. Kila zamu unazirusha zote pamoja, na kilichotokea juu ndicho unachoweza kufanya. Upanga unapiga. Ngao inakinga. Mguu unakimbia. Dawa inaponya. Kamba inafunga dadu moja ibaki ilivyo mpaka zamu ijayo. Na upande mtupu haufanyi kitu. Zamu yako inapungua hivyo hivyo huku mnyama anakuuma.

Katika kila ngazi ya kushukia unaruhusiwa kuchonga pande mbili za dadu zako, yaani kufuta kilichopo na kuweka unachotaka. Hapo ndipo mhusika anajengwa. Askari, mwindaji na mganga walianza na dadu tano kila mmoja, zimejaa vitu vizuri. Mpagazi alikuwa na dadu sita, lakini nusu ya pande zake zilikuwa tupu. Alikuwa na pande nne za kamba, kwa sababu, alisema mume wangu, mpagazi hufunga mizigo, na upanga aliupata upande mmoja tu. Alimweka ili wahusika watimie wanne na orodha ikae vizuri kwenye kioo.

Yule mama wa Bujumbura alikuwa akiishi Norsborg, mwisho wa njia ileile nyekundu ya treni inayopita kwetu. Tulikuwa tukiimba naye kwaya moja, na baada ya ibada alishuka kwetu kunywa chai kabla ya kuendelea na treni. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kabla ya hapo, huko Burundi, alifundisha hisabati. Aliniita dada, kwa hiyo mume wangu akawa shemeji yake, na kwa ushemeji huo alikuwa na ruhusa ya kumtania atakavyo.

Mara ya kwanza aliangalia tu. Jirani Mkongomani, dereva wa basi mwenye sauti ya kujaza ukumbi, alikuwa akicheza askari wake. Kila ngazi alichonga upanga. Orofa ya nne alikuwa na panga za kutosha kikosi kizima, na hapo dadu zikamletea miguu miwili, kamba moja na panga mbili dhidi ya wanyama watatu. Alikufa akilaani dadu kwa Kifaransa. Yule mama akauliza swali moja: kwa nini alifuta ngao ili kuweka upanga? Jirani akamjibu kwamba vita ni vita. Mama akasema haya, akamaliza chai yake.

Jumapili iliyofuata aliomba zamu. Kabla ya kurusha hata mara moja alifungua ukurasa wa wahusika, akageuza karatasi ya matangazo ya kanisa, na kwa penseli akaandika pande zote za dadu zote za wahusika wote wanne. Ilimchukua muda mrefu kuliko ibada, alisema jirani. Kisha akamchagua mpagazi.

Namna alivyomjenga niliiandika daftarini siku ileile, kwa sababu nilihisi ninaona kitu. Ngazi za mwanzo hakuchonga upanga hata mmoja. Alijaza pande tupu kwa ngao, akizigawa, dadu hii moja, dadu ile moja, ili kusiwe na dadu isiyo na kinga. Halafu akaongeza dawa mbili. Kamba hakuzigusa. Upanga wa pili aliuweka orofa ya sita, na huo ukawa wa mwisho. Akirusha, alifunga ngao kwa kamba, zamu ijayo akafunga upanga, akangoja. Hakupiga mpaka awe ameshika vitu vitatu mkononi. Mnyama alichoka kumuuma ngao. Alipofika orofa ya kumi hakuwa na upande mtupu hata mmoja, na alikuwa na dadu sita ambapo askari ana tano.

Ulikuwa mchezo wa polepole, wa kumchosha mtazamaji. Jirani alisinzia. Mimi sikuweza kuondoa macho. Nimewaona watu wengi wakichagua, kazi, nyumba, hata wachumba, na wengi wetu tunachagua kwa kutazama siku nzuri: huyu akiamka vizuri atafanya maajabu. Yeye alikuwa akitazama siku mbaya. Alijiuliza kila dadu itamfanyia nini ikikataa, kisha akairekebisha hapo.

Aliposhinda mara ya pili, jirani alikuwa na maelezo yake. Alijua, kama sote tulivyojua, kwamba mama huyu aliwahi kutembea kwa miguu hadi Tanzania na mzigo kichwani, akakaa kambini Kigoma miaka. Akatuambia kwa sauti ya msibani kwamba ndiyo sababu amemchagua mpagazi. Moyo wake umemtambua mwenzake.

Yule mama aliweka kikombe chini.

“Papa, acha kunililia,” alisema. “Mimi nilihesabu.”

Akachukua penseli akamwonyesha. Askari hana upande mtupu, kwa hiyo kila akichonga lazima apoteze kitu. Mpagazi akichonga hapotezi kitu, mara kumi na nane. Mwanzo askari ni tajiri na mpagazi ni fukara, lakini safari ina orofa kumi na mbili, haina mbili. Basi. Jirani alitazama karatasi, akatazama dari, akasema voilà, ndivyo basi, kwa sauti ndogo. Nami niliyekuwa nimeshaanza kuiandika ile hadithi ya moyo na mzigo, niliikata kwa mstari mmoja. Ukweli aliousema ulikuwa mzuri zaidi.

Mume wangu hakufurahi kama mimi. Baada ya ushindi wa nne alinieleza, akiosha vyombo, kwamba mchezo ambao mhusika mmoja anashinda kila mara ni mchezo mbovu. Watu wa Sundbyberg ni wazoefu, watamwona mpagazi huyo kwa dakika kumi na kuufunga. Siku ya kupeleka ilikuwa imebaki mwezi na kidogo. Nikamwambia amweleze mama kwamba atampunguza nguvu mhusika wake. Akaniuliza mgeni anaambiwaje kwamba anakula sana.

Kwa hiyo akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: alipunguza jikoni. Katikati ya wiki aliondoa kamba mbili kwenye dadu za mpagazi, akaziacha mbili, na hakusema neno.

Jumapili mama alikaa, akafungua ukurasa wa wahusika, akatoa karatasi yake kwenye mkoba. Hakuwa ameanza hata kurusha.

“Shemeji, kamba zangu mbili ziko wapi?”

Mume wangu alianza kueleza juu ya usawa na uwiano. Mama alimwacha aeleze. Binti yetu, ambaye tukimsemesha Kiswahili hutujibu Kiswidi, alisema kutoka kwenye kochi kwamba baba amedanganya. Jirani alicheka hadi akakohoa.

“Kama nyama imepungua, mgeni anaambiwa,” mama alisema. “Atakula viazi. Lakini usimchekee huku umeficha sufuria.”

Mume wangu aliomba radhi, na kwa kweli alikuwa ameona haya. Akampa sababu yenyewe, tangazo la kwenye jokofu na yote. Mama alilisoma tangazo akiwa amesimama, polepole, midomo ikitembea. Aliporudi mezani uso wake ulikuwa umebadilika. Utani ulikuwa umeondoka. Akasema basi jambo hili tulifanye sawasawa. Kama tatizo ni mpagazi, tutaliona. Kama tatizo si mpagazi, tutaliona pia.

Kwanza alicheza mpagazi wa kamba mbili. Alikufa mara mbili, akashinda ya tatu. Safari hii alichonga kamba mbili mwenyewe kabla ya ngao yoyote. Kisha akamwambia mume wangu amchagulie mhusika ampendaye yeye. Akampa mwindaji, mwenye miguu mingi kupita wote. Jumapili hiyo alikufa mara tatu, na kila kifo alikiandika: orofa gani, dadu gani ilikataa, alikuwa amefuta nini. Sijawahi kumwona mtu akifa kwa utulivu namna ile. Wiki iliyofuata alifuta miguu yote isipokuwa mitatu, akaweka ngao na dawa, akamfanya yule mkimbiaji awe mtu wa kusimama. Akafika chini.

Mume wangu alikisogelea kioo kilichoandika kwamba pango limekwisha. Mimi nilimwona akielewa. Mpagazi hakuwa na nguvu kupita kiasi. Mchezo wake ulikuwa na njia nyingi za kushuka, kama alivyoukusudia tangu mwanzo, ila hakuwahi kumpata mtu wa kuziona. Alirudisha kamba zote nne mbele ya macho yetu, mama akizihesabu kwa kidole, na Jumatatu akautuma mchezo.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu, barua ya ukurasa mmoja, na lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kupata. Walikuwa wameucheza watu wanne kwa wiki nzima. Waliusifu. Walitaka kumwita. Askari alikuwa amefika chini, mwindaji pia. Kulikuwa na dosari moja tu, waliandika: mpagazi ni dhaifu mno. Hakuna aliyepita naye orofa ya tano. Walimwomba amwongezee nguvu au amwondoe, kisha alete toleo jipya kabla ya Ijumaa ya wiki hii, ndipo wapange siku ya kuonana.

Mume wangu alimsomea mama barua hiyo Jumapili iliyopita, akiitafsiri alipokwama. Jirani alisema Waswidi hawajui kubeba. Mama hakucheka. Aliuliza:

“Walichonga nini kwanza?”

Barua ilikuwa imeeleza hilo pia. Walichonga upanga.

Mume wangu akampendekezea njia: aandike kurasa mbili za mwongozo, namna ya kumjenga mpagazi, ziwekwe ndani ya mchezo, na jina lake chini. Mama akasema angeandika kwa furaha, lakini aliyewahi kusimama mbele ya darasa anajua kwamba ukimpa mtoto jibu, hesabu imekufa. Wakishaambiwa hawatachagua tena, watanakili. Halafu akasema kazi ni yako, shemeji, na tumbo ni la nyumba yako. Lolote utakalofanya mimi sitakuuliza kamba ziko wapi.

Maneno hayo yamekuwa mazito kwa mume wangu kuliko barua. Mpagazi akiongezewa nguvu, mtu yeyote atakayefikiri kama mama atapita pango lote bila kutokwa jasho, na hapo mchezo utakuwa mbovu kweli. Mpagazi akiondolewa, kazi itapatikana, pengine, na sehemu bora ya mchezo itakuwa imetoka. Ukibaki ulivyo, huenda Sundbyberg wakamwona mtu asiyesikia. Ameandaa matoleo matatu. Yako kwenye kompyuta, kila moja na jina lake, na leo asubuhi kabla ya kwenda ghalani aliyafungua yote, moja baada ya jingine, akayafunga.

Leo ni Jumatano. Bado hajatuma.